Gia boksi ya oto inapochemka ukivuta tela kwa foo wili ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye Land Cruiser za miaka ya tisini, Prado za mwanzo, Patrol na Pajero za rika hilo, zenye gia boksi ya oto na zinazovuta tela: la boti, la mizinga ya nyuki, la tenki la maji, la ng'ombe wa kupeleka mnadani. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi, mengine gereji, mengine kwa simu mtu akiwa kando ya barabara na boneti liko juu. Kama wewe ni huyo wa kando ya barabara, ruka moja kwa moja hadi swali linaloanza na "Taa imewaka".

Joto la gia boksi linatoka wapi hasa?

Wengi hudhani linatoka kwenye gia, chuma kikisagana na chuma. Gia zenyewe huchangia kidogo. Joto kubwa linatoka kwenye konveta, lile dude la mviringo lenye umbo la boga lililokaa kati ya injini na gia boksi. Ndani yake kuna mapanga ya upande wa injini na mapanga ya upande wa gia boksi, na hakuna chuma kinachoyaunganisha. Oili inarushwa na mapanga ya kwanza ikayasukume ya pili. Chukua feni mbili uzielekezanishe, uwashe moja: upepo wake utaizungusha nyingine. Konveta inafanya vivyo hivyo, ila badala ya upepo ni oili.

Ile feni ya pili haifikii kasi ya ile ya kwanza. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayoliwezesha gari kuondoka na mzigo bila klachi ya mguu, na hiyo hiyo ndiyo inayozaa joto. Gari tupu kwenye tambarare, tofauti ni ndogo. Funga tela la tani moja na nusu uanze kupanda mlima, tofauti inakua. Tuseme injini inatoa kilowati 80 na konveta inapoteza asilimia 15. Hizo ni kilowati 12, sawa na majiko sita ya umeme ya kilowati mbili yaliyowashwa ndani ya lita chache za oili. Oili hiyo ina rejeta moja ya kupozea, na mara nyingi rejeta yenyewe ina umri wa miaka ishirini na zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza gari lake linavuta kilo ngapi, mimi namuuliza kwanza anatumia gia gani na kwa mwendo gani. Nimeona tela la kilo 800 likiunguza gia boksi, na nimeona la tani mbili likifika Mbeya bila shida.

Mbona geji ya joto ilikuwa katikati muda wote, lakini gia boksi imeungua?

Kwa sababu geji ile inapima maji ya injini. Haijui chochote kuhusu oili ya gia boksi. Oili inaweza kufika nyuzi 130 huku maji yakiwa 90 na mshale umetulia pale pale ulipo siku zote. Hili ndilo jambo ninalotamani kila mwenye gari la oto alijue kabla ya kununua tela, kwa sababu limewagharimu watu fedha nyingi sana, mimi nikiwa mmoja wao.

Toyota nyingi za aina hii zina taa imeandikwa A/T OIL TEMP kwenye dashibodi. Taa hiyo ni ya dharura. Ikiwaka, joto limeshapita mbali kiwango cha kawaida na oili imeshaanza kuharibika. Tena hakikisha balbu yake ni nzima: ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa zote za tahadhari zinatakiwa kuwaka kwa muda mfupi, na hiyo iwemo. Magari mengi ya mtumba balbu hiyo imekufa zamani na hakuna aliyegundua.

Joto gani ni la kawaida na lipi ni la hatari?

Nyuzi 80 hadi 95 ndipo oili inapotaka kukaa. Mlimani ikipanda hadi 105 au 110 kisha ikashuka, hakuna la kuogopa. Ikifika 120, punguza mwendo, shusha gia, tafuta pa kusimama. Kwenye 125 na kuendelea sili za mpira huanza kukauka na kuwa ngumu, na oili inaacha utando kama vanishi kwenye vali. Kukaribia 150 bitana za klachi za ndani zinaungua, na kuanzia hapo hakuna dawa isipokuwa kuifungua gia boksi.

Mafundi wana kanuni ya kukadiria: ukishapita kiwango cha kawaida, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza uhai wa oili kwa nusu. Ndiyo maana mtu anaweza kuvuta tela mwaka mzima "bila tatizo", kisha gia boksi ikafa siku ambayo hakuvuta kitu. Ilikuwa inakufa kidogo kidogo tangu mwanzo.

Geji ya joto la gia boksi ifungwe wapi?

Kuna sehemu mbili. Sensa ikiwekwa kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya gia boksi, utaona wastani wa joto la oili yote. Ikiwekwa kwenye bomba linalotoka gia boksi kwenda kwenye rejeta, utaona oili ikitoka moto kwenye konveta, na mshale utapanda na kushuka haraka sana. Mimi naipenda ya bombani kwa sababu inakufundisha kuendesha: unashusha gia, unaona mshale unateremka ndani ya dakika moja. Ila usishtuke ukiona 120 kwa sekunde chache wakati wa kuondoka mlimani. Viwango nilivyotaja juu ni vya oili ya kwenye sampu.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, kati ya geji na rejeta ya ziada, nunua geji. Itakuonyesha kama rejeta ya ziada unaihitaji kweli.

Nikivuta tela nizime O/D (ovadraivu, ile gia ya juu kabisa) au niiache?

Swali hili lina majibu mawili yanayogombana, na yote mawili yana ukweli.

Konveta za magari haya zina klachi ndogo ndani inayoweza kuufunga upande wa injini na upande wa gia boksi vizunguke pamoja. Konveta ikishaloki, hakuna tofauti ya kasi, na joto linashuka mno. Utaijua kwa kuangalia geji ya mizunguko: gari liko gia ya nne, mwendo umetulia, halafu mizunguko inashuka kidogo kama gari limeingia gia ya tano isiyokuwepo. Hapo imeloki.

Tabu ni kwamba kwenye nyingi ya gia boksi za gia nne za zama hizo, konveta inaloki ikiwa gia ya nne tu. Ukizima O/D unabaki gia ya tatu isiyoloki. Kwa hiyo wapo wanaosema acha O/D ili konveta iloki.

Wanasema kweli, lakini ni kwenye tambarare. Ukitoka Chalinze kuelekea Morogoro na tela la wastani, mwendo wa 80, gari limetulia gia ya nne na konveta imeloki, iache hivyo, ni baridi kuliko gia ya tatu. Mambo hubadilika barabara ikianza kuinuka. Gari linashindwa, linaachia loki, linarudi tatu, linapata nguvu, linapanda nne, linashindwa tena. Kila kubadilika huko ni klachi za ndani kusuguana, na katikati ya kila badiliko konveta inateleza. Ukiona gari linahangaika hivyo mara mbili ndani ya kilomita moja, zima O/D mara moja. Gia ya tatu na injini kwenye mizunguko 2,800 inapoa kuliko gia ya nne isiyoshika, kwa sababu injini ikizunguka kwa kasi konveta inateleza kidogo, pampu ya oili inasukuma oili nyingi zaidi kwenda kwenye rejeta, na feni na wota pampu nazo zinakazana.

Watu wanaogopa kelele za injini. Injini ya 1HZ au 1HD ikipiga kelele kwenye 3,000 haiumii. Inayoumia ni ile inayolazimishwa kuvuta mzigo ikiwa 1,600 na mguu umekanyaga mafuta hadi sakafuni.

Nipande vipi mlima mrefu kama Kitonga?

Nitasimulia, maana hapo ndipo nilipounguza gia boksi yangu.

Nilikuwa na Prado ya 1KZ, nyuma tela la boti ya faiba na injini yake, naelekea Ziwa Nyasa. Kabla ya safari nilikuwa nimeipeleka gereji kubadilishiwa mipira ya rejeta. Fundi akakuta rejeta ndogo ya oili ya gia boksi, ile ya mbele ya kondensa ya AC, inavuja. Akaiondoa, akaunganisha bomba kwa bomba, na hakuniambia. Ruaha Mbuyuni nilisimama kununua vitunguu, gari likaonekana zima kabisa. Kuanza kupanda Kitonga nikajikuta nyuma ya malori mawili ya mizigo, mwendo wa kilomita kumi hadi kumi na tano kwa saa, mimi nimeacha gia kwenye D. Nakanyaga, naachia, nakanyaga, naachia. Geji ya maji haikusogea. Juu karibu na Ilula, kwenye mabanda ya nyanya, nikasikia harufu kama sukari iliyoungua sufuriani, na gari likaanza kupandisha mizunguko bila kwenda. Oili ilikuwa nyeusi kama kahawa.

Sasa napanda hivi. Chini kabisa, kabla ya kona ya kwanza, nasimama pembeni mahali salama na kusubiri malori yaliyo mbele yaende zao, hata kama ni dakika ishirini. Lengo ni kupanda kwa mwendo mmoja usiokatika. Gia naiweka mwenyewe: 2 kwa sehemu kubwa ya mlima, na L pale ninapolazimika kwenda chini ya kilomita 20 kwa saa. Siachi gari lijichagulie. Nikikwama nyuma ya lori, namwachia nafasi kubwa ili nisiwe nakanyaga na kuachia. Gari likisimama mlimani nalishika kwa breki. Kulishikilia kwa mafuta ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuchemsha oili, kwa sababu gari halisogei hata nchi moja na nguvu yote ya injini inageuka joto.

Kushuka nako, tumia gia ileile ambayo ungepandia. Hilo ni kwa ajili ya breki zaidi kuliko gia boksi, lakini tela lenye breki zilizochemka halina rafiki.

Foo wili lo inasaidia?

Inasaidia sana, na watu wengi walio nayo hawaitumii. Transifa, lile boksi la foo wili lenye gia za hai (H) na lo (L), iko nyuma ya gia boksi. Ukiingiza lo, mzigo unaofika kwenye konveta unapungua zaidi ya nusu, hivyo injini inazunguka kwa urahisi na konveta haitelezi sana. Kuvuta boti kutoka majini Bagamoyo au Pangani, kulirudisha tela nyuma kwenye mteremko, kupanda njia ya shamba yenye matope, kupita mchanga mzito wa mtoni: lo, kila mara. Geji itakuonyesha tofauti ya nyuzi 20 au 30 kwa kazi ileile.

Tahadhari ni moja. Land Cruiser 80 na Prado ukiingiza lo difu ya kati inaloki. Kwenye mchanga, matope au changarawe hakuna neno, matairi yanateleza kidogo na kujirekebisha. Kwenye lami kavu yenye kona, mashafti yanajipinda na kitu kitavunjika. Kwa hiyo Kitonga au Mai Mahiu transifa inabaki kwenye hai (H), nawe unatumia 2 na L za gia boksi.

Na mchangani usisahau kupunguza upepo kwenye matairi, ya gari na ya tela pia. Tela likizama, gari linavuta mzigo mara mbili.

Taa imewaka au geji imepita 120 nami niko barabarani. Nifanye nini sasa hivi?

Toka barabarani, funga breki ya mkono, weka kigingi kwenye tairi. Weka P. Usizime injini. Ukizima, pampu ya oili inasimama na oili iliyochemka inabaki imetulia ndani ya konveta, haina pa kupoa. Acha injini ikizunguka, ikiwezekana pandisha mizunguko kidogo hadi 1,000 au 1,200, ili oili izunguke kwenye rejeta. Zima AC. Fungua boneti. Kama ni joto la kuendesha tu, mshale utaanza kushuka ndani ya dakika tano hadi kumi.

Zima injini ikiwa tu unaona oili inamwagika chini, au maji ya injini nayo yanachemka.

Usiimwagie gia boksi maji. Chuma cha moto kikipigwa maji ya baridi kinaweza kupasuka.

Joto likirudi 95, pima oili. Ikiwa bado nyekundu na haina harufu ya kuungua, endelea polepole kwa gia ya chini na ubadilishe oili ukifika. Ikiwa ya kahawia na inanuka, unaweza kufika mji wa karibu ukiacha tela. Ikiwa inafanana na maziwa ya rangi ya waridi, usisogee. Soma swali linalofuata.

Oili imekuwa kama maziwa. Imetokea nini?

Rejeta ya maji imetoboka ndani. Kwenye magari mengi bomba la oili ya gia boksi linapita ndani ya tenki la rejeta, oili upande mmoja wa chuma chembamba na maji upande wa pili. Chuma hicho kikiliwa na kutu, maji na kulanti vinaingia kwenye gia boksi. Kulanti inaiachisha gundi inayoshikilia bitana za klachi, na bitana zikibanduka gia boksi imekwisha, hata kama ulikuwa huendeshi kwa fujo.

Ukigundua mapema, siku hiyohiyo, unaweza kuokoa kwa kubadilisha rejeta na kumwaga oili mara kadhaa mpaka itoke nyekundu safi. Ukiendesha nayo wiki nzima, hapana.

Hii ndiyo sababu mimi huibadilisha rejeta ya asili ya gari la kuvuta tela kabla haijavuja, mara tu ninapolinunua gari lenye umri huo. Na ndiyo sababu naomba watu waache kuweka maji ya bomba matupu kwenye rejeta. Maji matupu yanaleta kutu, na kutu haiishii kwenye injini.

Nifunge rejeta ya oili ya ziada?

Kwa gari la zamani linalovuta tela mara kwa mara kwenye joto letu, ndiyo. Lakini kabla ya kununua, osha ulichonacho. Vua grili, tazama kati ya kondensa ya AC na rejeta. Nimetoa humo manyoya ya ndege, mbegu za majani, matope ya msimu mzima. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Maji ya mpira yenye nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele, yanatosha. Usitumie presha ya kuoshea magari kwa karibu, italaza mapezi yote.

Halafu angalia feni. Land Cruiser na Prado hizi zina feni yenye kiunganishi cha mafuta ya silikoni kinachoifanya ishike injini ikipata joto. Mafuta yale yakiisha au kuzeeka feni inazunguka ovyo bila kuvuta hewa. Injini ikiwa ya moto, izime kisha jaribu kuizungusha feni kwa mkono: ikizunguka raundi nyingi kwa urahisi, kiunganishi kimechoka. Mwendo wa polepole mlimani hauna upepo wa kukusaidia, feni ndiyo kila kitu.

Ukiamua kufunga ya ziada, chagua ya sahani zilizopangwa, siyo ile ya bomba lililozungushwa. Inapoza vizuri zaidi kwa ukubwa uleule. Oili itoke gia boksi, ipite kwenye rejeta ya asili, iende ya ziada, irudi gia boksi, ili kitu cha mwisho kuigusa kiwe kile chenye baridi zaidi. Ifunge mbele ya kondensa na uache nafasi ya kidole kati yao. Ishikiliwe na mabano ya chuma, maana barabara za vumbi zitaitikisa mpaka nailoni zikatike.

Mipira iwe ya oili ya gia boksi, inayohimili joto na presha. Nimeona watu wametumia mpira wa petroli, na hata wa maji. Unavimba, unalainika, na siku moja unachomoka na kumwaga oili yote ndani ya dakika mbili. Ukishafunga, pima oili upya, kwa sababu rejeta mpya na mipira yake imebeba sehemu ya oili uliyokuwa nayo.

Oili gani, na ipimweje?

Vuta stiki ya kupimia. Toyota wameandika juu yake. Nyingi za miaka ya tisini zinasema DEXRON II au III, nyingine za baadaye zinasema T-IV. Weka inayosemwa pale, siyo inayosemwa na muuza duka. Oili ya WS ya Toyota mpya ni nyepesi na haikutengenezewa gia boksi hizi.

Kupima: gari limetembea na kupata moto, liko mahali tambarare, injini inanguruma. Kanyaga breki, pitisha gia zote kutoka P hadi L na kurudi P. Vuta stiki, ifute, irudishe, ivute tena, soma upande ulioandikwa HOT. Ukipima injini imezimwa kama unavyopima oili ya injini, jibu litakuwa la uongo. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa na joto linapanda. Ikizidi, gia zinaipiga mpaka inatoka povu, na povu nalo halipozi.

Gari linalovuta tela, mimi namwaga kila kilomita 30,000. Ukifungua nati ya sampu inatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye konveta. Kwa hiyo namwaga, najaza, natembea siku chache, namwaga tena, mara tatu. Filta ya ndani ya sampu isafishwe na sumaku zifutwe. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida.

Fundi alibadilisha injini, tangu hapo gari linabadili gia mapema na linachemka. Kuna uhusiano?

Upo, na ni mkubwa. Kwenye gia boksi nyingi za zama hizi kuna kebo inayotoka kwenye throto ya injini, ile inayofunguka ukikanyaga mafuta, kwenda ndani ya gia boksi. Wengi huiita kebo ya kikdauni, wakidhani kazi yake ni kurudisha gia ukikanyaga ghafla tu. Kazi yake kubwa ni kuiambia gia boksi unakanyaga kiasi gani, ili iongeze presha ya kuzibana klachi. Kebo ikilegea, gia boksi inadhani unaendesha taratibu huku wewe unavuta tani mbili. Presha inakuwa ndogo, klachi zinateleza, zinaungua. Dalili ni hiyohiyo uliyotaja: gia zinapanda mapema na laini mno.

Kwenye kebo kuna kijidude kidogo cha chuma kilichobanwa kiwandani, cha kupimia umbali kutoka kwenye mwisho wa ganda lake mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho. Fundi aliyezoea anairekebisha kwa dakika kumi. Omba hili liangaliwe kabla ya kununua chochote.

Matairi makubwa yana madhara?

Yana. Tairi kubwa ni sawa na kupandisha gia. Mwendo uleule, injini inazunguka taratibu zaidi na konveta inateleza zaidi. Ukiwa na tairi kubwa na tela, shusha gia mapema kuliko mwenzako.

Kwa nini kutoka Mombasa kwenda Nairobi gari huchoka zaidi karibu na mwisho?

Safari nzima ni kupanda, kutoka usawa wa bahari hadi mita karibu 1,700. Injini isiyo na turbo kama 1HZ hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, na hewa nyepesi ya juu inapoza kidogo. Dereva analipa kwa kukanyaga zaidi. Hivyo jioni karibu na Athi River, baada ya siku nzima ya kupanda, ndipo pa kutazama geji. Iringa, Njombe, Arusha na Limuru ni vivyo hivyo.

Mwendo gani unafaa?

80. Upepo unaosukuma tela hauongezeki sawasawa na mwendo. Kutoka 80 kwenda 100, nguvu ya upepo inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Tela refu la boksi ni ukuta, linaonja upepo kuliko boti yenye ncha. Panga pia mzigo ndani yake, kiasi cha asilimia 10 ya uzito wa tela ilalie kwenye ndoano ya gari. Ikiwa nyuma nzito tela litayumba, nawe utapambana na usukani huku ukikanyaga na kuachia mafuta.

Gari langu ni la gia za mkono. Nina wasiwasi wa nini?

Klachi. Hakuna konveta, kwa hiyo hakuna joto la aina hii. Ondoka na lo mahali pasipo na lami, usishikilie gari mlimani kwa klachi, na hakikisha oili ya gia boksi, transifa na difu ipo na ni safi. Kwa mtu anayevuta kila siku, Land Cruiser mkonga ya gia za mkono bado ndilo chaguo langu la kwanza.

Gia boksi yangu imeshaungua. Nafunga ya mtumba kutoka Japani. Niangalie nini?

Namba ya gia boksi ilingane na injini na mwaka wa gari, siyo umbo tu. Nusa oili iliyobaki ndani yake na utazame rangi. Ivuliwe sampu hapohapo dukani, Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi), kabla hujalipa, uone sumaku. Muuzaji akikataa, nenda duka la jirani.

Konveta ya zamani usiirudishe, ichukue inayokuja na gia boksi. Konveta iliyoungua imejaa unga wa klachi ambao hautoki hata ukiiosha.

Na jambo ambalo mafundi wengi huliruka: unga huohuo umejaa kwenye mabomba na kwenye rejeta ya oili. Ukifunga gia boksi safi kwenye rejeta chafu, kilomita ya kwanza unga wote unarudi ndani. Mabomba yaoshwe kwa petroli na kupulizwa kwa hewa kutoka pande zote mbili, na rejeta ya oili ya sahani ibadilishwe kabisa, haioshwi ikasafika. Mimi huongeza filta ndogo kwenye bomba la kurudi, naikata baada ya kilomita 1,000 na kutazama ndani. Ikiwa safi, naweka nyingine na kufunga tela.